Namba Kwenye Kona

Ubao wa kwanza niliuchora bure:
famasi ya Mushagalusa, barabara ya Ndosho,
msalaba wa kijani, herufi za futi moja,
na neno DAWA nikalitia kivuli chekundu
ili mwenye homa akiliona ahisi limemsogelea.
Siku tatu juu ya ngazi ya kuazima.
Rangi yangu, burashi yangu, tapentaini yangu.
Kwenye kona ya chini, kwa herufi za kisisimizi,
nikaandika namba yangu ya simu.
Ndiyo yalikuwa malipo.

"Majirani watauliza ni kazi ya nani," alisema Mushagalusa.
Wakauliza kweli.
Mama Nyota wa saluni akauliza.
Muuza simenti akauliza.
Mchungaji wa kanisa la mabati akaniletea aya nzima ya Biblia,
ndefu, yenye koma nyingi.
Na wote, hata salamu haijapoa:
"Utanifanyia vile ulimfanyia Mushagalusa."

Bure. Neno hili linanitesa.
Kitu kisicho na malipo ni bure,
kazi isiyo na maana ni bure,
na mtu asiyefaa, kwetu, ni bure kabisa.
Waliotunga lugha walikuwa wabahili wa maneno,
au nao walishawahi kuchora ubao wa jirani.

Kopo la njano liliishia kanisani, kwenye "Amina".
Nyeusi nikaiongezea masizi ya jiko;
katika Goma weusi haununuliwi,
tunaukanyaga tangu mlima ulipoumwaga.
Kavira, mke wangu, akasema bila kuinua macho:
"Jina lako limefika hadi Katindo.
Leo tulipike na lengalenga, au tulikaange?"

Kisha simu ikaanza kulia.
"Alo, ni famasi? Mna kwinini?"
"Alo, famasi, ile ya minyoo ni franga ngapi?"
Namba chini ya msalaba. Wangewaza nini kingine?
Ndani ya miezi miwili nilijua bei ya amoksilini
kuliko bei ya mkono wangu.

Usiku mmoja, saa nane, sauti ya mwanamume:
mtoto anawaka moto, famasi, nisaidie.
Ningesema, umekosea namba.
Nilikuwa tayari nimevaa kiatu kimoja.
Niligonga dirisha la Mushagalusa
hadi akatoka na tochi na matusi,
na yule baba akatokea gizani, amembeba mtoto mgongoni.
Noti zikahesabiwa juu ya meza, moja moja.
Mimi nilishika tochi.

Wiki ya pili akaja mchana,
akisukuma chukudu mpya, mkaratusi mtupu,
bado inanuka utomvu.
Mtoto ameketi juu yake kama mzigo wa thamani.
"Mimi Katembo. Nataka jina lake hapa ubavuni. Asifiwe."
Kisha akauliza lile ambalo
hakuna aliyewahi kuniuliza:
"Bei gani?"

Nilikuwa na rangi sita, burashi nne,
na bei sikuwa nayo.
Nikajifanya napima ubao kwa vidole.
Nikahesabu herufi: saba.
"Dola tano," nikasema,
sauti ikitoka kama ya mtu anayekiri wizi.
"Tano? Nipunguzie. Tatu."

Akanipatania bei!
Nilitaka kumkumbatia.
Nikakunja uso kama wafanyabiashara wa Birere,
nikasema mti huu unakunywa rangi,
nikasema kivuli chekundu ni kazi ya pekee,
tukafika nne, akatoa mbili palepale,
zimekunjwa mara nne, zina joto la mfuko.

Nikapiga magoti kwenye changarawe nyeusi.
Mtoto akanisogezea kopo.
Nilikuwa kwenye W simu ilipolia.
"Alo, famasi? Mnafungua saa ngapi?"
"Saa mbili asubuhi," nikajibu,
nikaibana simu kwa bega,
na mkono wa kulia ukaanza E.